Tadea Isidori Kapinga, Mchoraji wa Udongo na Kompyuta

Baba Paroko, Mchungaji uliyepanda mlima kutoka Liuli, masista, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa niaba ya ukoo wa Kapinga wa Litembo na ukoo wa Haule wa Liuli, nimepewa heshima, ambayo kwa kweli niliing'ang'ania mwenyewe mpaka vijana wakachoka kubishana nami, ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Tadea Isidori Kapinga, tunayemzika hapa Mbinga leo Alhamisi, tarehe 19 Juni 2008. Mimi ni Damiano Isidori Kapinga, kaka yake, mwalimu mstaafu, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu wengi wenu mnajua kwamba kuna mahali katika historia hii ambapo msomaji mwenyewe ana la kujibu, nami nimeamua mahali hapo nipasome kwa sauti hiihii, bila kukohoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji cha Litembo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Isidori Kapinga, mkulima wa kahawa, na marehemu mama Gertrude, akabatizwa Jumamosi Kuu tarehe 9 Aprili mwaka huohuo, na inasemekana alilia ibada nzima. Mama yetu hakujua kusoma, lakini kila mwaka mvua zikishakatika, mwezi wa sita, alikuwa akipaka nyumba yetu kwa udongo mwekundu wa mlimani, udongo mweupe wa bondeni, na masizi ya jikoni yaliyosagwa na mkaa, akichora mistari, ndege na majani ya kahawa, watu wakitoka kanisani wakapita kwetu kuangalia tu. Tadea alipofika miaka mitano alipewa kipande chake cha ukuta nyuma ya jiko, na alikipaka na kukifuta mara nyingi kiasi kwamba baba alilalamika kuwa ukuta unazidi kuwa mnene na jiko linazidi kuwa dogo.

Alianza shule mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969, na katika miaka hiyo liko jambo moja ambalo lazima nilitaje, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitoka hapo. Akiwa darasa la nne, mwaka 1966, wanafunzi waliambiwa wachore shamba, naye akachora ngolo, yaani shamba letu sisi Wamatengo, ambalo wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba mlimani, na wanawake huyafunika kwa udongo na kuacha shimo katikati ya kila mraba, ili maji ya mvua yatulie shimoni na mlima usiporomoke, na ukilitazama kutoka ng'ambo ya bonde linaonekana kama sega la nyuki. Mwalimu wake, ambaye alikuwa mgeni wa huku na hana kosa kwa kutojua, alimpa sifuri, akamwambia shamba halina mashimo, akamfungulia kitabu chenye picha ya shamba la matuta yaliyonyooka ili ajionee. Tadea alirudi nyumbani akamuuliza mama kama shamba letu si shamba, na mama, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma kwa kulima hilohilo, alichukua jembe lake akarudi hukohuko. Ndugu waombolezaji, tangu siku ile marehemu alikuwa na haja moja duniani, kwamba siku moja mtoto wa huku afungue kitabu cha shule na kukuta ngolo humo, imechorwa sawasawa na mtu anayeijua, na haja hiyo aliibeba miaka thelathini na sita.

Mwaka 1970 hadi 1972 alisoma ufundi kwa masista, ushonaji na utarizi, na kuanzia 1973 alifanya kazi ya kutarizi mavazi ya misa, kazi ambayo ilimpatia sifa na pia mchumba, kwa maana ni katika safari ya kupeleka mavazi hayo pwani ya ziwa ndipo alipokutana na kijana Dastan Hamphrey Haule wa Liuli, fundi wa mashua, Mwanglikana, aliyejitolea kumbebea mzigo kutoka bandarini, na mzigo wenyewe, kama alivyokuwa akisema marehemu, ulikuwa kikapu kimoja. Wazee wa pande zote mbili walisumbuka kidogo kuhusu madhehebu, kisha wakasumbuka zaidi kuhusu umbali, na hatimaye wakakubali, na ndoa ikafungwa Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977. Mungu aliwajalia watoto watatu, Hyasinti aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1978, Herieth tarehe 19 Januari 1981, na Clemence tarehe 7 Novemba 1984, na ameacha pia wajukuu wanne.

Waliishi Liuli miaka kumi, na huko alijifunza kula usipa, dagaa wa ziwani, asubuhi, mchana na jioni, akajifunza kusema Kinyasa kwa lafudhi iliyowachekesha watoto wake mwenyewe, na akajifunza kwa mama mkwe wake, bibi Ida, jambo ambalo mlimani hatukulijua, kwamba udongo wa kupaka ukichanganywa na uji mwembamba wa muhogo haukwanguki, hata mvua ikipiga. Ndipo alipoanza kuchora kwa udongo juu ya karatasi za manila, kwa kuwa udongo wenye uji unashika karatasi kama unavyoshika ukuta, na rangi zake zikikauka zina ule wekundu ambao huwezi kuununua dukani. Naomba muukumbuke uji huo, maana tutakutana nao tena muda si mrefu.

Mwaka 1987, wakati wa ruksa, kila mtu alipopata moyo wa kufungua kiduka, familia ilihamia hapa Mbinga mjini, naye akawa mchoraji wa mabango. Kwa miaka kumi hakukuwa na kinyozi, mashine ya kukoboa wala duka la nguo za mitumba ambalo halikupita mikononi mwake, na wengi wenu mnamkumbuka yule ng'ombe aliyemchora kwenye bucha karibu na soko, ambaye macho yake yalikuwa na huruma mno hata mwenye bucha akaja kumwomba amfumbe macho, kwa sababu wateja walikuwa wanamwangalia ng'ombe na kwenda kununua maharage. Lakini soko huria lina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na kufikia mwaka 1997 yalianza kufika kutoka Songea na Dar es Salaam mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine, yanayong'aa, na kazi za mkono zikaanza kupungua mwezi hadi mwezi, mpaka ikafika Krismasi moja hakuandika hata bango moja.

Watu wengi walimshauri arudie cherehani, na wengine wakamshauri ahamie Dar es Salaam, ila yeye alifanya kitu ambacho hakuna aliyemshauri. Mwezi wa Mei 1999, bwana Othmar alifungua steshenari yake hapa mjini, akiwa na mashine ya fotokopi, kompyuta moja na skana moja, na Tadea, mwanamke wa miaka arobaini na minne, akaingia pale na picha yake ya udongo chini ya kwapa, akaomba aonyeshwe namna ya kuiingiza humo ndani. Siku ya kwanza picha haikuwa imekauka vizuri, uji wa muhogo ukagandia kwenye kioo cha skana, na Othmar alitumia mchana mzima kukikwangua kwa kucha, huku wateja wakisubiri barua zao, lakini kwa uungwana wake hakumfukuza, alimwambia tu, Mama Hyasinti, kesho leta iliyokauka. Akaleta iliyokauka, na ya pili, na ya mia, na katika miaka miwili alijitengenezea njia yake ya kazi, kwamba ardhi, milima, maji na ngozi za watu anazipaka kwa mkono kwa udongo wa huku, kisha akishaziingiza kwenye kompyuta anakata, anapanga moja juu ya nyingine, anasafisha madoa, anasogeza mtu hapa na mti pale, na kuongeza mistari myembamba, hadi picha inakuwa na joto la ukuta wa mama yetu na usafi wa bango la plastiki kwa pamoja.

Sasa nifike kwangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa mwandiko na uchoraji kwa miaka thelathini na moja, na niliposikia habari hizo nilikasirika kweli, si kidogo, nikamwambia mbele ya mume wake kwamba kompyuta ni uvivu, kwamba mkono wake utakufa, na kwamba picha iliyopita katika mashine si yake tena, nikamtajia na ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akasema, kaka umeshiba sasa, na kesho yake akarudi kwa Othmar.

Mwezi wa Februari 2002 alipata alichokuwa anakitafuta. Kampuni moja ya vitabu ya Dar es Salaam, kati ya zile za watu binafsi zilizoanza kuandika vitabu vya shule baada ya mlango kufunguliwa, ilikuwa inaandaa kitabu cha kusoma cha darasa la tatu, chenye hadithi za wakulima na wavuvi wa pande mbalimbali za nchi, na hadithi kuu ilikuwa ya huku kwetu, ya mlimani na ya ziwani. Alituma picha tatu kwa basi, wakazipenda, wakamwagiza picha thelathini na mbili, kwa sharti moja lililoandikwa kwa wino mzito, kwamba zote ziwe zimefika kabla ya tarehe 31 Oktoba 2002, la sivyo kazi yote itapewa mchoraji wa mjini, ambaye, kama Tadea alivyokwisha kuuliza na kuambiwa, hajawahi kufika Ruvuma.

Alikuwa na desturi ya kuwaonyesha picha wale waliochorwa, kabla ya mtu mwingine yeyote, na mwezi wa Julai aliteremka Liuli na picha ya pwani iliyochapwa, akampa mkwewe, mzee Hamphrey, mvuvi wa tangu utoto. Mzee aliishika mkono mmoja, akaitazama muda mrefu, akasema ni nzuri, mashua ni mashua na wavu ni wavu, ila Mama Hyasinti, umetuvusha ziwa sote bila hata mtumbwi, hapa ni Malawi. Na ilikuwa kweli, kwa sababu ili maneno ya hadithi yapate nafasi, alikuwa ameigeuza picha kwenye kompyuta, kulia ikawa kushoto, na anayetazama kaskazini kutoka Liuli, ambaye siku zote ana ziwa kushoto kwake na milima kulia, akajikuta ana ziwa kulia kama mtu wa ng'ambo, na tena wavuvi wote wamekuwa mashoto. Walicheka siku mbili. Yeye alirudi Mbinga akaigeuza tena kwa dakika moja, kazi ambayo kwa brashi ingemchukua wiki, lakini mimi nilipozipata habari hizo sikusikia dakika moja, nilisikia Malawi tu, nikazunguka nazo kijijini kama ushahidi kwamba mashine inadanganya.

Mwisho wa Agosti, kwa amri ya ukaka, nilikuja hapa na kanga mbili za mke wangu Benadetha, nikazifunga picha zote thelathini na mbili za udongo, zile za mkono zenyewe, nikazichukua Litembo kuzihifadhi mahali ambapo baba yetu alihifadhi kila kilicho cha thamani, mbegu za mahindi, vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, yaani darini juu ya jiko, kwenye moshi, ambako mdudu hagusi. Tadea hakunizuia, aliniambia tu kwamba zimebaki tano ambazo hazijapita kwenye skana, basi nimwachie hizo, nami nikamjibu kwamba kama zote ni za udongo, zote zitalala darini, atazifuata akizihitaji. Alikuwa na mafua siku ile na hakuwa na nguvu ya kubishana nami, ndivyo zilivyoondoka.

Moshi unafukuza wadudu, hilo ni kweli, ila haufukuzi panya waliosikia harufu ya uji wa muhogo. Tarehe 5 Oktoba, Jumamosi, mke wangu alipanda darini kuchukua mbegu za maharage, akashuka bila mbegu, na sura yake nikaielewa kabla hajasema. Walikuwa wamelamba milima, wamekula ngolo, wamekula bibi harusi na wavuvi na watoto wa shule, wakaacha pembe nyeupe za manila, na mbegu za mahindi zilizokuwa pembeni hawakuzigusa hata moja. Nilitia mabaki kwenye gunia la kahawa, nikapanda lori la Mbinga, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno, kwa kuwa nilikuwa nimekula miaka thelathini na sita ya mdogo wangu kwa kinywa cha panya.

Alilifungua gunia mlangoni. Alikaa chini kwenye kizingiti, akauliza kama na zile tano zimo, nikamwambia zimo, na shemeji Dastan akatoka kuja kuona kuna nini. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau, akasema kaka, ishirini na saba ziko kwa Othmar, salama, hata jasho la panya halijafika huko, na hizo tano tuna siku ishirini na sita, chukua jembe twende tukachimbe udongo. Nikachukua jembe, mimi mwalimu Damiano, nikachimba mwekundu mlimani na mweupe bondeni, nikasaga masizi, nikapika na uji, na kwa mara ya kwanza nikakaa kwenye benchi la steshenari nikatazama anachofanya. Alipaka upya sura za watu tu, mikono na macho, na alipohitaji mlima aliutoa katika picha ya nne, alipohitaji majani akayatoa katika ya kumi na moja, akayapanga, akayalainisha, na kila kitu kilikuwa ni udongo wetu na mkono wake, niliuona mkono wake wazi kama ninavyouona mwandiko wa mtoto niliyemfundisha. Ndipo nilipokiri, kwa sauti, mbele ya Othmar na wateja wawili, kwamba mkuu hakusikia la mdogo na guu lililovunjika ni langu.

Picha thelathini na mbili, katika CD mbili, ziliondoka kwa basi tarehe 26 Oktoba, zikafika salama, na tarehe 4 Novemba wakapiga simu kuuliza ni kampuni gani ya mjini iliyomsaidia. Kitabu kilitoka mwaka 2003, na Januari 2004 kilifika katika shule zetu, Litembo, Ukata, Namswea, hadi kule ziwani, na ukurasa wa kumi na nne, ukurasa mzima, ni ngolo iliyotazamwa kutoka ng'ambo ya bonde, mashimo yake yote yamejaa maji ya mvua. Nilikuwepo darasani Namswea siku vilipogawiwa, nimealikwa kama mstaafu, na msichana mmoja wa dawati la mbele alipofungua hapo alimgeukia mwenzake akamwambia kwa Kimatengo kwamba hili ni la bibi yangu, akaanza kuhesabu mashimo kwa kidole. Tadea nilipompelekea habari hiyo aliinama akaendelea kukoroga rangi, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye kikombe, naye akakoroga nayo. Ndani ya kitabu hicho imeandikwa, Michoro na Tadea Kapinga, Mbinga, na hilo neno Mbinga walitaka kulitoa, akakataa.

Baada ya hapo alichora vitabu vingine sita, akafundisha mabinti watano udongo asubuhi na kompyuta mchana, wala hakumruhusu yeyote kuanza na la pili kabla ya la kwanza. Mwezi wa Septemba 2007 alianza kuvimba miguu na kuchoka, akatibiwa Hospitali ya Litembo, ikagundulika kuwa figo zimeharibika, akapelekwa hospitali ya rufaa mwezi wa Januari, akarudi mwezi wa Aprili kwa hiari yake akisema udongo wa huko hauna rangi, akaendelea kuhudumiwa Litembo, mahali alipozaliwa, na huko akafariki Jumanne tarehe 17 Juni 2008, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi mitatu na siku tatu, mume wake akiwa amemshika mkono, na huo mkono, ndugu zangu, haukufa mpaka siku ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Litembo, ambao hawakuchoka hata alipoanza kuwakosoa rangi ya kuta za wodi, inamshukuru bwana Othmar, mabinti watano waliokuwa wakimwogesha kwa zamu, majirani wa hapa Mbinga kwa kuni, maji na vyakula, walimu wenzangu, Kanisa letu na Kanisa la ndugu zetu wa Liuli, na watani wetu, ambao tangu juzi wametundika mtego wa panya juu ya kiti changu, nami nimekubali kukaa chini yake kwa kuwa ni haki yao.

Wahenga wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini historia hii mliyoisikia nimeichapa mwenyewe jana kwenye kompyuta ya marehemu, kwa kidole kimoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mpaka unaouzunguka kila ukurasa nimeupaka kwa udongo, nikaukausha juani, nikaupitisha kwenye skana. Nilipomaliza, mpwa wangu Herieth aliniuliza kama aihifadhi kwenye mashine, nikamwambia aihifadhi mara mbili. Pumzika kwa amani, Tadea, mdogo wangu, mwalimu wangu.